Nakati au jjobyo: ipi ikae kwenye tuta lako?

Ukiishi Kampala, Entebbe, Mukono au Jinja na una kipande cha ardhi nyuma ya jiko, hata kikiwa na upana wa kitanda tu, unaweza kula mboga za majani za kwako mwaka mzima. Joto lipo, unyevu wa ziwa upo, na mvua huja mara mbili: ttoggo kuanzia Machi hadi Mei, na ddumbi kuanzia Septemba hadi kukaribia Krismasi. Kinachobaki ni kuamua mboga ipi.

Watu wengi hununua mbegu za nakati na za jjobyo siku moja, huzimwaga kwenye tuta moja na kuzimwagilia sawasawa. Mwezi ukiisha, moja imenawiri na nyingine imedumaa, na lawama yote inaangukia mbegu. Mara nyingi mbegu haina kosa. Mboga hizi mbili hukutana vizuri kwenye sahani, lakini bustanini zinapishana kama samaki na mbuzi: nakati huishi kwa maji, jjobyo huishi kwa jua.

Zote mbili ni mimea ya Afrika. Nakati (Solanum aethiopicum, kundi la Shum) ni ndugu wa damu wa entula, zile ambazo Tanzania huitwa ngogwe au nyanya chungu. Tofauti ni kwamba nakati huliwa majani, na vitunda vyake vidogo vyekundu huachwa kwa ajili ya mbegu. Majani yake ni laini, hayana vinyweleo. Jjobyo (Gynandropsis gynandra) ndiyo mgagani wa Kenya na Tanzania, eshogi ya Ankole, na akeyo ya Acholi. Utaitambua hata gizani: shina lina vinyweleo vinavyonata vidoleni, jani limegawanyika vidole vitano, na harufu yake ni kali.

Maji ndiyo yanayoamua

Chukua tuta la upana wa mita 1 na urefu wa mita 4. Siku ya jua kavu, tuta lenye mboga zilizofunika udongo hupoteza kama lita 4 hadi 5 kwa kila mita ya mraba. Hiyo ni jerikeni moja ya lita 20 kwa siku. Nakati inataka jerikeni hiyo irudishwe yote, kila siku, msimu wa kiangazi. Hesabu mwenyewe: jerikeni 30 kwa mwezi kwa tuta moja. Mwenye bomba uani hatahisi uzito wake. Anayenunua maji kwa jerikeni, au anayeyapandisha mlimani kwa mkono, atauhisi wiki ya kwanza.

Ukiinyima maji siku tatu za jua kali, nakati haifi, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Inaendelea kusimama, ila majani mapya yanatoka madogo na magumu, uchungu unapanda, na maua yanatokea kabla ya wakati. Ukiirudishia maji baadaye, itaota majani mengine, lakini yale magumu hayalainiki tena. Yakate uyatupe kwenye mboji, mmea uanze upya.

Jjobyo ni kinyume chake. Iko kwenye kundi moja na mahindi na mtama katika namna ya kutumia jua: kwenye mwanga mkali hutengeneza chakula kingi huku ikipoteza maji machache. Baada ya wiki tatu, mzizi wake mkuu ukishashuka, tuta lile lile linatosheka na jerikeni moja kila siku ya tatu. Kwa mwezi ni jerikeni 10 badala ya 30. Lakini usiipande chini ya mwembe, wala upande wa ukuta usiopata jua mpaka saa sita mchana. Itarefuka kama uzi, itatoa majani membamba na kukimbilia maua. Nakati, kwa upande wake, inavumilia kivuli chepesi. Saa tano au sita za jua zinaitosha, na kivuli cha alasiri huisaidia kabisa katika miezi ya Januari na Februari.

Kama hujui udongo wako uko upande gani, chimba shimo la kina cha sentimita 30, ujaze maji, uyaache yazame yote, kisha ujaze tena na utazame saa. Maji ya mara ya pili yakiisha ndani ya saa moja, una udongo unaopitisha maji haraka: jjobyo itafurahi, na nakati itahitaji matandazo mazito. Yakibaki hata baada ya saa nne, usipande jjobyo hapo. Itaanza kuwa ya manjano kutoka majani ya chini, na ukiing'oa utakuta mizizi ya kahawia inayovunjika. Sehemu kama hiyo inyanyulie matuta ya sentimita 20 juu ya ardhi, uweke nakati.

Kampala hali hii inabadilika ndani ya mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Aliyejenga juu Kololo au Mutungo ana udongo mwekundu unaokauka upesi na kufunga uso baada ya mvua kubwa. Aliye bondeni, pande za Bwaise, ana udongo mweusi unaoshika maji hadi yatuame. Kwa hiyo ushauri wa jirani ni mzuri ikiwa jirani huyo yuko kwenye mwinuko uleule na wewe.

Na jambo moja la bondeni ambalo hatutalipita: usimwagilie mboga za majani kwa maji ya mfereji wa Nakivubo wala mifereji inayoingia humo. Maji hayo hubeba uchafu wa mji na wa viwanda. Kuosha majani hakuondoi kile ambacho mmea umeshakinywa kwa mizizi. Kinga maji ya mvua kwenye paa, hata kwa pipa moja tu.

Kwa ufupi, zikiwa zimesimama pamoja

| | Nakati | Jjobyo |
|---|---|---|
| Jua | Saa 5 hadi 6 zinatosha | Kutwa nzima |
| Maji kiangazi, tuta la mita 1 × 4 | Lita 20 kila siku | Lita 20 kila siku ya tatu |
| Kuota | Siku 5 hadi 9 | Siku 4 hadi 6, ikiwa mbegu si changa |
| Kuhamisha miche | Inakubali | Inachukia |
| Mavuno ya kwanza | Wiki ya 6 hadi 8 | Wiki ya 4 hadi 6 |
| Baada ya hapo | Hukatwa na kuchipua mara kadhaa | Huchumwa wiki 4 hadi 6, kisha hupandwa upya |
| Adui mkubwa | Mnyauko, utitiri mwekundu | Kunguni wa madoa, maji kutuama |

Kuanzisha nakati

Tuta liandaliwe wiki mbili kabla. Kwa mita 1 kwa 4, weka debe moja la lita 20 la samadi ya ng'ombe iliyooza, uichanganye na udongo hadi kina cha sentimita 15. Ukiwa na samadi ya kuku, nusu debe inatosha, na iwe imekaa angalau miezi miwili. Samadi ya kuku ikiwa mbichi huunguza miche ikiwa bado na majani mawili. Utaona kingo za majani zimekuwa kahawia kama karatasi iliyopitishwa motoni.

Mbegu ni ndogo sana, na kosa la kawaida ni kumwaga nyingi. Nusu kijiko cha chai inatosha tuta zima. Ichanganye na vijiko vitano vya mchanga mkavu, kisha nyunyiza kwenye mistari iliyoachana sentimita 20, yenye kina cha nusu sentimita. Funika kwa mboji iliyochekechwa badala ya udongo mwekundu, kwa sababu udongo huo ukinyeshewa unakauka kama sahani na miche haiwezi kuupasua. Juu yake laza majani makavu ya mgomba.

Kuanzia asubuhi ya siku ya tano, inua jani la mgomba utazame kwa karibu. Ukiona vishingo vyeupe vilivyojikunja, vingine vimeanza kunyooka na majani mawili yamebanana kama viganja, siku hiyohiyo jioni ondoa majani yote. Ukingoja siku mbili zaidi, miche itarefuka ikitafuta mwanga, itakuwa myeupe, na jua la kwanza litailaza.

Hapo ndipo kinyausi hushambulia pia. Mche unaonekana mzima juu, ila shina pale linapogusa udongo limekuwa jembamba kama uzi, na mche unalala ubavu. Husababishwa na ukungu wa udongoni unaopenda mambo matatu: miche iliyosongamana, maji ya jioni yanayolala usiku kucha, na samadi isiyooza. Hakuna dawa ya kuuponya mche uliokwisha kulala. Ng'oa sehemu iliyoathirika pamoja na udongo wake, mwagilia asubuhi tu, na punguza miche iliyobaki.

Kupunguza miche ya nakati si hasara. Wiki ya nne ng'oa ya katikati ibaki nafasi ya sentimita 10, wiki ya sita hadi sentimita 20. Yote iliyong'olewa inakwenda jikoni. Hata sokoni Kalerwe nakati changa huuzwa na mizizi yake. Iliyobaki, mimea kama 100 kwenye tuta, ndiyo utakayoikata na kuiacha ichipue. Kata kwa kisu kikali, sentimita 10 hadi 15 kutoka chini, ukihakikisha kisiki kimebaki na macho matatu au manne. Ukikata chini zaidi ya hapo, nusu ya visiki vitakauka. Baada ya kila mkato, weka konzi moja ya samadi iliyooza kati ya mashina mawili, kisha mwagilia vizuri. Machipukizi huwa tayari baada ya wiki mbili au tatu.

Matandazo ni nusu ya kazi ya nakati. Maganda ya kahawa yanafaa sana na hapa kwetu hayakosekani: tandaza unene wa sentimita 5, ukiacha sentimita 5 wazi kuzunguka kila shina. Yakigusana na shina, unyevu unakaa hapo na gome linaoza. Usiyachimbie ndani ya udongo yakiwa mabichi, maana yanapooza hunyonya naitrojeni ambayo nakati ilikuwa inaitegemea, na majani yanapauka.

Majani yakiwa na vitundu vidogo kama yametobolewa kwa sindano, ni mbawakavu wadogo weusi wanaoruka ukiwakaribia. Mmea mkubwa huwavumilia, mche mdogo hauwavumilii. Nyunyizia majivu makavu juu ya majani asubuhi yakiwa na umande, na rudia baada ya mvua. Majani yakiwa na vidoa vyeupe-manjano na utando mwembamba chini yake, huo ni utitiri mwekundu, na kwa kawaida ni ishara kwamba tuta limekaa kavu. Nyunyiza maji kwa nguvu upande wa chini wa majani siku tatu mfululizo. Kama haitoshi, changanya kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwa lita moja ya maji na upige jioni, chini ya majani. Usizidishe sabuni, majani huungua.

Mmea mzima ukinyauka mchana huku majani yakiwa bado ya kijani, ukajaribu kuamka usiku na kesho yake ukalala kabisa, kata kipande cha shina karibu na ardhi ukisimamishe kwenye glasi ya maji safi. Ukiona uzi mweupe kama moshi wa maziwa ukishuka kutoka kwenye mkato, ni mnyauko bakteria. Ng'oa mmea na mizizi yake, uchome, usiutie kwenye mboji. Kisha usirudishe nakati, entula, ensugga, nyanya, pilipili wala viazi mviringo kwenye tuta hilo kwa miaka kadhaa, kwa sababu zote ni ukoo mmoja na zote zinaugua ugonjwa huo.

Kuanzisha jjobyo

Tatizo la jjobyo huanza kabla ya kupanda. Mbegu iliyovunwa juzi isipoota, si kwa sababu imekufa. Inalala kwa sababu haijakomaa kuota. Inataka ikae mahali pakavu miezi mitatu hadi sita. Ukinunua mbegu sokoni, muulize muuzaji ilivunwa lini. Asipojua, jipimie mwenyewe: hesabu mbegu 50, zifunge kwenye kitambaa chenye unyevu, kiweke ndani ya mfuko mahali pa joto na giza, na ufungue baada ya siku saba. Zikiota 35 au zaidi, panda. Zikiota chini ya 15, zirudishe kwenye kopo ungoje, au panda mara tatu ya kipimo.

Giza tumelitaja kwa sababu. Mwanga huizuia mbegu ya jjobyo kuota. Wanaoimwaga juu ya udongo bila kuifunika hupata miche michache yenye kusimama mbalimbali, kisha huongeza mbegu nyingine juu yake nazo zisiote. Chora mistari iliyoachana sentimita 30, kina cha sentimita 1, weka mbegu zilizochanganywa na mchanga, funika, na kandamiza kidogo kwa kiganja. Kijiko kimoja cha chai kwa tuta ni kingi cha kutosha.

Usiihamishe. Mzizi wake mkuu ukikatika, mmea unaobaki huchukua wiki mbili kujirudi, na mara nyingi hutoa maua badala ya majani. Panda pale pale itakapokaa. Wiki ya tatu punguza hadi sentimita 15 kati ya mmea na mmea, na iliyopunguzwa uile.

Ikifika kimo cha sentimita 15 hadi 20, kata ncha ya juu kwa kucha. Matawi ya pembeni yanatoka, na siku za mavuno zinarefuka. Kuanzia hapo pitia tuta kila wiki, chuma ncha laini, na ondoa kila kichala cha maua kinachojitokeza, hata kama siku hiyo huhitaji mboga. Ukiacha maua yakafunga vitumba, yaani vifuko vya mbegu, mmea unaona kazi yake imekwisha na majani yanaanza kupukutika. Hata ukiitunza hivyo, jjobyo haidumu kama nakati. Ndiyo maana ni bora kupanda nusu ya tuta, na baada ya wiki tatu nusu ya pili, kuliko kupanda lote siku moja na kubaki bila mboga miezi miwili baadaye.

Kunguni wanaoisumbua zaidi ni wadogo, weusi, wenye madoa ya chungwa na meupe, mara nyingi wawili wameshikana mkia kwa mkia. Wanafyonza, na jani linabaki na mabaka meupe kisha linakauka. Wanaishi pia kwenye sukuma wiki na kabichi, kwa hiyo usizipande kwa ujirani. Saa moja asubuhi wanakuwa wazito kwa baridi: weka beseni lenye maji ya sabuni chini ya mmea, tikisa, wataanguka. Mchana wanakukimbia.

Lini upande ipi

Nakati ipandwe mvua inapoanza: katikati ya Machi, au wiki za mwanzo za Septemba. Mvua itaibebea maji miezi miwili ya kwanza, ambayo ndiyo migumu. Jjobyo ipandwe mvua inapokaribia kuondoka: mwisho wa Mei, na tena mwanzoni mwa Desemba. Inapata unyevu wa kuotea, kisha kiangazi cha Juni na Julai, au cha Januari na Februari, kinaikuta imeshashika ardhi. Kuipanda katikati ya Aprili, mvua ikinyesha kila alasiri, ni kuipeleka kwenye kuoza.

Ukifuata mpangilio huu kwenye tuta moja, nakati ikifuatwa na jjobyo, unapata faida nyingine bila gharama: mbili hizi si za ukoo mmoja, na wadudu na magonjwa ya nakati hukosa mwenyeji kwa miezi kadhaa.

Zile nyingine tatu

Doodo ndiyo ya haraka kuliko zote: wiki tatu au nne uko mezani. Mtu anayetaka kuona matokeo upesi, au anayemfundisha mtoto kulima, aanze nayo. Lakini kama umeamua kupanda za asili tu, ujue mchicha huu (Amaranthus dubius) asili yake ni Amerika ya kitropiki. Umezoea hapa hadi unajiotea wenyewe kwenye mabaki ya migomba, na hatuna ugomvi nao.

Ensugga, yaani mnavu, ni ya kitalu: miche hukaa wiki nne au tano, kisha hupandikizwa kwa nafasi ya sentimita 30. Inapenda samadi kuliko hata nakati, na inaugua magonjwa yaleyale, kwa hiyo haiwezi kupokezana tuta na nakati. Chuma majani, na acha matunda ya kijani. Matunda hayo yakiwa mabichi yana sumu.

Ggobe, majani ya kunde, ambayo kaskazini huitwa boo, ni mboga ya udongo uliochoka. Mizizi yake hufunga naitrojeni kutoka hewani. Weka mbegu mbili kila shimo, sentimita 15 kwa 30, bila samadi au na samadi kidogo tu. Ukiijaza samadi inatambaa hovyo na majani yanakuwa mepesi. Majani ya kwanza huchumwa wiki ya nne. Kagua vidukari weusi kwenye ncha, kwani hueneza virusi vinavyokunja majani, na mmea uliokunjika haurudi.

Ikiwa huna ardhi

Kwenye gunia la kilo 100, nakati inashinda bila ubishi. Changanya ndoo mbili za udongo, moja ya samadi iliyooza na moja ya mchanga, urudie hadi gunia lijae, na katikati usimamishe nguzo ya mawe madogo yenye upana wa kopo la kilo moja ili maji yafike chini. Toboa pembeni mashimo yaliyoachana sentimita 20, upandikize mche mmoja kila shimo. Jjobyo haikai pembeni mwa gunia kwa sababu haihamishwi, na shina lake likiinama huvunjika. Ipande juu tu, mimea minne au mitano. Kwenye jerikeni ya lita 20 iliyolazwa na kukatwa ubavu, weka nakati nne, toboa matundu matano chini, na mwagilia asubuhi na jioni wakati wa kiangazi, maana chombo kidogo hukauka kabla ya saa nane mchana.

Jikoni

Nakati ina uchungu mdogo, na watoto wengi huikubali. Ioshe, ikate, ifunge kwenye jani la mgomba na kuiweka juu ya matooke inapokaribia kuiva. Mvuke unaiivisha bila kuiloweka. Jjobyo ni ya wenye kupenda uchungu. Ichemshe dakika 10 hadi 15, mwaga maji ya kwanza, kisha malizia kwa maziwa, au kwa odii (ufuta na karanga zilizosagwa) kama wanavyofanya Acholi. Maji yale ya kwanza huondoka na sehemu ya virutubisho, kwa hiyo anayeweza kuvumilia uchungu ayapunguze badala ya kuyamwaga yote. Nyumba yenye watoto wadogo na tuta moja tu, tungesema nakati kwanza. Wazee wawili wenye uwanja wa jua kali na maji ya kubeba, jjobyo.

Mbegu za msimu ujao

Chagua mimea mitano iliyo bora na usiikate kabisa. Usichague iliyochelewa kuvunwa kwa bahati, maana hiyo mara nyingi ndiyo iliyowahi kutoa maua, nawe utakuwa unazalisha tabia hiyo. Vitunda vya nakati vingoje viwe vyekundu na laini. Viponde kwenye bakuli, ongeza maji, acha siku moja au mbili, kisha mwaga vinavyoelea na usafishe mbegu zilizozama. Zianike kivulini kwenye sahani. Ukizianika kwenye karatasi zinagandamana nayo.

Vitumba vya jjobyo ni vyembamba na virefu kama kidole, na vikikauka mmeani hupasuka na kumwaga kila kitu. Vikate vinapogeuka kutoka kijani kuwa manjano, hata kama kile cha juu bado kibichi, uvitie kwenye mfuko wa karatasi na kuuning'iniza ndani ya nyumba. Baada ya wiki moja utavisikia vikipasuka. Tia mbegu kwenye kopo lenye kifuniko, na uandike juu yake mwezi zilipovunwa: zilizovunwa Agosti zitakuwa tayari kwa Desemba, na zilizovunwa Februari zitakuwa tayari mwisho wa Mei.